Bahari Isiyokupwa

Mwaka wangu wa pili Riyadh, madam alimleta nyumbani muuguzi wa kumtunza baba mkwe wake, mzee aliyekuwa amepooza upande mmoja. Watoto wa nyumba walimwita mzee huyo Jiddu, yaani babu, na sisi watumishi tukamwita hivyo hivyo. Muuguzi tulimwita Sista. Alikuwa mwanamke mweusi, mrefu, umri wa miaka hamsini hivi, na nilimdhania Mkenya mwenzangu mpaka alipoitikia salamu yangu kwa Kiingereza ambacho sikuwahi kukisikia, kinachopanda na kushuka kama mtu anayeimba bila kukusudia.

"Unatoka wapi, Sista?"

"Kariaku. Usijisumbue kutafuta, hakuna anayeijua."

Nilijisumbua. Usiku ule nilipatafuta kwenye ramani ya simu, nikakuta ni kisiwa upande wa pili wa dunia, katika mstari wa visiwa vya Karibi. Kilikuwa kidogo mno, nikalazimika kukuza ramani mara nne kabla ya kuona barabara. Asubuhi nikamwambia nimekiona.

"Nawe unatoka wapi?"

"Pate."

Naye akakuza ramani. Kisha akacheka, akaniwekea simu yake kando ya yangu juu ya meza ya kupigia pasi, visiwa viwili visivyojulikana na mtu yeyote katika mji ule. Tangu siku hiyo tukawa na la kuzungumza.

Mimi nilikuwa na tabia ya kuuliza mambo kwa mpangilio, na Sista alipenda kuulizwa. Nilijifunza kisiwa chake kipande kwa kipande, wakati wa kukunja nguo na wakati wa kumlisha Jiddu uji. Ni kirefu kuliko upana wake, na mtu mwenye miguu mizuri anakimaliza kwa nusu siku. Kina vilima, mbuzi wengi kuliko nyasi, na hakina mto hata mmoja. Watu wanakunywa maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye mabati na kuhifadhiwa katika birika la saruji. Nilimwambia hata kwetu ni hivyo, tunayaita jabia, na ukoo usio na jabia huwa na adabu sana kwa jirani. Alicheka mpaka Jiddu naye akatabasamu kwa ule upande mmoja wa mdomo.

Upepo wa kwao unatoka mashariki karibu mwaka mzima. Upande wa mashariki, unakovuma upepo, kuna kijiji cha mafundi wa mashua, na huko ndiko alikozaliwa. Baba yake alikuwa fundi. Wangu pia. Nilipomwambia hilo aliacha kukunja shuka.

"Fundi wa mashua? Kweli?"

"Mpaka leo. Ana vidole nane."

"Wangu ana tisa," alisema. "Mwambie wako aongeze uangalifu."

Baba yake alijenga bila mchoro, juu ya mchanga, mbele ya nyumba. Mataruma, yaani zile mbavu za mashua, aliyatoa kwenye miti iliyopindwa na upepo, akipanda kilimani na kuuzunguka kila mti mpaka auone ubavu ndani yake. Nami nikamweleza baba anavyofanya hivyo hivyo mikokoni, akiwa na matope hadi magotini. Alisema baba yake hakati mti ila mwezi unapofifia, la sivyo mbao zinaliwa na wadudu. Nikasema ndivyo. Alisema mashua ikikamilika kijiji kizima kinakuja kuivuta, mchungaji anaomba, mbuzi anachinjwa, watu wanapikiwa karamu inayoitwa saraka. Nikamwambia sisi tunaiita sadaka. Tukatazamana. Nadhani ni siku hiyo nilipoanza kuamini kwamba watu wa kwao ni watu wa kwetu waliopotea njia, na kwamba kila ninachokijua mimi kinafaa kwake.

Riyadh haikunisaidia kufikiri vizuri. Pale hakuna hata kijito. Vumbi likivuma tulifunga madirisha na kuziba chini ya milango kwa taulo zilizoloweshwa. Dereva wa nyumba, mtu wa Kitui, aliniambia siku moja kwamba maji tunayooshea vyombo yanatoka baharini, yanaondolewa chumvi, kisha yanasafiri jangwani kwa mabomba. Alipoondoka nilifungua bomba nikayaonja. Hayakuwa na ladha ya kitu chochote. Nilisimama pale nikiyaacha yapite mkononi mpaka madam akaita kutoka sebuleni, "Maji! Maji!" kwa Kiarabu, nikafunga.

Kilichokuwa kinamkaa Sista moyoni kilikuwa hiki. Alipelekwa Trinidad kwa shangazi yake akiwa na miaka saba, huko akasoma, kisha akafanya kazi Uingereza, kisha nchi za Ghuba. Baba yake alikuwa ameshua mashua nyingi tangu wakati huo, na yeye hakuiona hata moja ikiingia majini. Aliikumbuka moja tu, ya utotoni, na katika hiyo aliona migongo ya watu wazima na kusikia kelele. Sasa mzee alikuwa na ukungu machoni na alisema anayojenga ndiyo ya mwisho. Kwao jina la mashua linashonwa kwenye bendera inayokunjwa na kufungwa juu ya mlingoti, na hakuna anayeliona mpaka siku ya kushua, bendera inapofunguliwa na mtu aliyechaguliwa. Mzee alituma ujumbe kwa mdomo wa kaka yake Sista: "Mwambie hii ataifungua yeye."

Mzee hakupenda simu. Alisikia vibaya, na kila alipoulizwa tarehe alijibu kwa ukali, "Itaingia majini itakapokuwa tayari." Kaka alituma picha kila wiki. Mimi ndiye niliyezisoma.

"Hapa wamefika kwenye kalafati," nilimwambia, nikimwonyesha nyuzi za pamba zinazosindiliwa kati ya ubao na ubao ili maji yasipite. "Ubavu wa kulia tayari. Wa kushoto bado nusu. Wiki mbili, tatu. Kisha rangi."

"Unaona yote hayo?"

"Mtoto wa fundi haoni mashua, anaona kazi iliyobaki."

Alikuwa akinitania kwa kuniita profesa. Lakini picha iliyofuata ilipofika na ubavu wa kushoto ukawa umesonga kama nilivyosema, hakunitania tena.

Mwezi wa Ramadhani ulipoanza, bosi, mume wa madam, alimwita Sista. Alikuwa tayari kumpa likizo ya siku thelathini. Mimi ningeshika kazi yake. Sista alikuwa ameshanifundisha kumgeuza Jiddu, kupima sukari yake na kumpa dawa kwa saa. Ila bosi alitaka tarehe moja, kwa sababu ruhusa ya kutoka na kurudi na tiketi vingefanywa mara moja tu.

Sista alikuja jikoni. "Profesa, nitaje siku gani?"

Nilikwenda kwenye kalenda iliyobandikwa mlangoni pa friji. Kalenda za kule zina miezi ya Kiislamu, kwa hiyo mtu wa pwani anasoma maji ya bahari humo bila shida. Nikamweleza kama baba anavyoeleza. Mashua haishuliwi siku yoyote. Inangoja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapopanda mpaka kwenye mizizi ya minazi na kuja kuichukua mashua yenyewe. Ukiishua maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu, utaiburuta nusu ya ufuo na kuvunja mkuku, ule uti wa mgongo wake wa chini. Bamvua la mwezi mwandamo, siku za Idi, litaikuta bado haijapakwa rangi. Basi ni la mwezi mpevu. Tarehe kumi na tano, mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, basi aondoke siku mbili kabla.

"Una hakika?"

"Sista, hakuna fundi duniani atakayeshua kabla ya hapo."

Alichukua kalamu akaizungushia tarehe duara. Ungeniuliza siku hiyo ningekuapia.

Kumi la mwisho la Ramadhani familia ilihamia Jeddah, kwenye nyumba yao ya Aziziya, ili iwe karibu na Makka. Tuliingia usiku, na asubuhi sikuona bahari, niliona majumba, kuta na viyoyozi. Lakini hewa ilikuwa nzito na nguo nilizoanika hazikukauka upesi. Niliziacha kambani kwa makusudi, nikawa nakwenda kuzigusa.

Siku ya pili ya Idi, baada ya alasiri, sote tulipelekwa ufukweni kwa magari mawili. Madam na dada zake walitandika mazulia, watoto wakakimbilia barafu ya sukari, Sista akamsukuma Jiddu kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka penye kivuli. Mimi nilipewa kazi ya kuangalia watoto kando ya maji. Nilikuwa sijaiona bahari kwa miezi ishirini na moja. Sikulia kama nilivyodhani. Nilifanya kile anachofanya kila mtu wa kwetu akifika ufuoni: niliangalia maji yako wapi. Yalikuwa yanagusa jiwe la tatu chini ya ngazi iliyovunjika. Nikahesabu. Siku ya pili ya mwezi ni siku ya bamvua. Kwetu, jioni kama ile, bahari ingekuwa safarini. Mlango mzima wa maji ungebaki matope, na mashua zingelala ubavu zikisubiri kurudishiwa bahari yao.

Baada ya saa moja nilirudi kuangalia. Jiwe la tatu. Nilidhani nimekosea jiwe. Nikakaa juu ya ngazi na kuwaita watoto wacheze karibu. Nikatazama ukanda wa mwani wa kijani ulio kwenye mawe, ule unaoonyesha bahari inafika wapi na kurudi wapi. Kwetu ukanda huo kwenye miguu ya mikoko unampita mtu kimo. Pale ulikuwa upana wa kiganja changu. Adhana ya magharibi ilipotoka, maji yalikuwa jiwe la tatu.

Nilimwendea Sista.

"Sista, bahari ya kwenu inakupwa?"

"Inafanya nini?"

"Inaondoka. Inaacha mchanga mtupu, watu wanatembea mahali palipokuwa na maji."

Alifikiri. "Inaondoka kwenda wapi?" alisema, akacheka. Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka.

Simu za intaneti zilikuwa zimefungwa nchi ile wakati huo, kwa hiyo alinunua kadi dukani ng'ambo ya barabara na kumpigia kaka yake. Nilisimama ubavuni pake. Kaka alikuwa mahali penye upepo, nikasikia kila neno.

"Maji gani tena?" alisema. "Hapa bahari haiendi popote. Inapanda futi moja, inashuka futi moja, nani anayejali? Mzee kaamua jana. Tunazikata nguzo zake Jumamosi, iingie majini. Mbuzi ameshafungwa."

Ilikuwa Alhamisi.

"Nilikwambia nitafika kabla ya mwezi kujaa!" Sista alipiga kelele mpaka dada za madam wakageuka.

"Nilimwambia. Zungumza naye mwenyewe."

Ukasikika upepo, kisha sauti ya mzee, kubwa, ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. Sista alimwomba siku kumi na moja tu. Nilisikia jibu lake na sikuhitaji kufasiriwa.

"Jua linaifungua, mwanangu. Mbao zinaachana. Nikingoja nitakuwa na kapu."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonichoma. Mashua iliyokamilika haikai juani. Ubao unakauka, unasinyaa, kalafati inalegea, kazi ya mwaka inaharibika kwa wiki. Hilo nililijua tangu nikiwa mdogo na sikulitia katika hesabu yangu, kwa sababu kwetu bamvua haliko mbali zaidi ya wiki mbili, na fundi anapanga kazi yake iishie juu ya maji. Nilichukua bahari ya kwetu nikaipeleka kwa watu ambao hawakuiomba.

Sista aliuliza ndege. Za Ijumaa zilikuwa zimejaa wanaorudi kutoka Idi, na hata kama zingekuwa tupu, njia ya kwao ni ndege mbili na meli ndogo. "Hata ningepewa mabawa," alisema. Kwa madam hakusema lolote. Usiku alimpa Jiddu dawa kwa saa zake, na mimi hakunisemesha.

Jumamosi saa kumi jioni, kwao ikiwa asubuhi, Sista alimpigia kaka yake kwa kadi. Tulikuwa chumbani kwa Jiddu. Sista aliweka simu juu ya kitanda, sauti wazi. Kwanza upepo. Kisha watu wengi, kama soko. Mchungaji alisema maneno ambayo hayakufika. Kisha shoka. Kwao mashua inasimama juu ya nguzo zilizoegemezwa ubavuni, na mafundi wanazikata moja baada ya moja mpaka ilale yenyewe juu ya magogo. Tulisikia pigo, pigo, kimya, mtu akitoa amri, pigo tena. Sista alikuwa ameshika mkono wa Jiddu ule usiosikia. Ukaja mlio wa mbao, mrefu, watu wakapaza sauti kwa pamoja, wakaanza kuvuta kwa wimbo. Niliwasikia wakivuta kwa pumzi moja kama kwetu. Kisha kadi ikaisha.

Jiddu alitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Halas?" akauliza, yaani imekwisha?

"Halas, baba," Sista alimjibu, akafuta uso wake kwa ncha ya shuka ya mzee.

Nilimwomba radhi jikoni. Nilisema yote kwa mpangilio, kosa langu lilianzia wapi na kuishia wapi. Alinisikiliza akiwa anaosha kikombe kilekile.

"Wewe hukunidanganya," alisema. "Ulinipa uliyokuwa nayo. Lakini nitamwambia madam afute likizo. Nikaone nini? Mashua iliyo majini ni mashua tu."

"Sista, usifute."

"Profesa, usinipangie tena."

Niliinamisha kichwa. Nikaendelea kukata vitunguu. Baada ya muda aliuliza, bila kugeuka, "Kwenu, ikishaingia majini, watu wanafanya nini?"

"Wanakula."

"Kisha?"

"Wanakwenda zao. Fundi anabaki."

"Anabaki kufanya nini?"

"Mashua mpya huvuja, Sista. Mbao zimekauka. Mpaka zinywe maji na kufura, siku tatu, nne, wiki. Fundi anakaa ndani na kopo, anateka maji na kuangalia yanaingilia wapi. Baba hataki mtu mwingine afanye kazi hiyo. Mama humpelekea chakula kwa mtumbwi."

Alifunga bomba. "Peke yake?"

"Kwetu, peke yake. Kwenu sijui. Sisemi tena mambo ya kwenu."

Alitoka. Nilimsikia kwenye ngazi akimpigia kaka yake kwa kadi mpya, na baada ya muda mrefu nikamsikia akicheka kidogo, kicheko cha puani. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Yumo ndani. Amegoma kushuka. Wamemshusha mara moja, akapanda tena. Anasema inavuja kama mwanamke anayelilia harusi, na niende na kopo langu, lake halimtoshi."

"Na tarehe?"

"Tarehe ni ileile," alisema. "Bosi hataki kuandika mara mbili."

Kwa hiyo aliondoka siku niliyomchagulia mimi, mwezi ukikaribia kujaa juu ya Aziziya na bahari ya Jeddah, bila shaka, kwenye jiwe la tatu. Nilimtunza Jiddu kwa siku thelathini. Nilimgeuza kila saa mbili. Siku moja nilimpigia baba nikamsimulia kuhusu bahari zisizokupwa. Akasema, "Hiyo si bahari, mwanangu, hicho ni kisima," akaniuliza kama nakula vizuri.

Sista alirudi, na wengi hawarudi. Tulikuwa tumesharejea Riyadh. Alikuwa mweusi zaidi na mikono yake ina malengelenge. Nilingoja mpaka amalize kumpima Jiddu, nikamuuliza kuhusu bendera.

"Kaka yangu aliifungua. Nilipofika upepo ulishaila ncha, herufi mbili za mwisho hazipo. Mzee hataki ishonwe."

"Na mashua?"

"Ilikuwa haivuji tena. Tone moja halikuwepo. Lakini alinipa kopo, tukakaa ndani, yeye mwisho mmoja na mimi mwisho mwingine, siku nne, tukisubiri ivuje." Alitazama mikono yake iliyochubuliwa na kasia. "Nilimweleza kosa lako. Nilidhani angekasirika. Alitaka kujua tu. Aliniambia nikuulize: watu wa kwenu wanafanyaje kazi na bahari inayoondoka? Hawaogopi kwamba siku moja haitarudi?"

Nikaanza kumweleza. Nilimwambia bahari ikiondoka ndipo wanawake wanaposhuka na vikapu kutafuta pweza, kwamba unaweza kwenda kwa miguu kumjulia hali mtu mahali ambapo asubuhi ungehitaji mtumbwi. Kwamba baba anatengeneza chini ya mashua bila kuivuta kokote, anakaa tu akingoja bahari imwachie nafasi, anapiga nyundo mpaka maji yamfikie kiunoni, anapanda, na watoto wanaokota misumari iliyodondoka kabla haijafunikwa. Kwamba matope yale yana harufu, na ukiisikia ukiwa mbali unajua ni saa ngapi. Nilisema mambo mengi. Sista alikaa ukingoni mwa kitanda akinisikiliza kama mtu aliyeagizwa kufikisha kila neno, na nilipofika kwenye kurudi kwa maji, jinsi yanavyoanza kwa sauti kwenye mizizi kabla hujayaona, Jiddu akagonga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima. Saa zake mbili zilikuwa zimefika. Tukamshika, mmoja begani, mmoja nyongani, tukamgeuza.